Karatasi Iliyokaa Miaka Sita Kwenye Faili

Kaka yangu mkubwa aliniuliza swali siku ya nne baada ya upasuaji. Walikuwa wamemkata kipande cha utumbo mpana upande wa kulia, pamoja na saratani iliyokuwamo. Sauti ilikuwa imemkauka, mirija miwili mwilini, na mimi nimekaa kwenye kiti karibu na mto wake. Akanigeukia taratibu, akasema, "Mdogo wangu, ule mwaka ulipoingizwa kamera, walikukuta na nini hasa?"

"Vinyama tu," nikamjibu. "Wakavitoa."

"Vinyama vya aina gani?"

Nilinyamaza. Miaka sita ilikuwa imepita na sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kumwuliza mtu. Swali lile ndilo lililonikalisha chini niandike haya, kwa ajili ya yeyote aliyeambiwa "tumekuta vinyama, tumevitoa" akatoka pale akiamini kwamba mambo yameisha.

Nilikuwa na miaka 46 wakati huo. Nilikuwa naona damu nyekundu chooni, matone machache, kila baada ya wiki mbili au tatu, na kila niliyemwambia alisema bawasiri. Ilikuwa bawasiri kweli. Daktari aliiona siku hiyo hiyo aliponichunguza. Lakini alikataa kuishia hapo. Alisema damu ya njia ya haja kubwa kwa mtu wa umri wangu haifai kukisiwa, akanipangia kolonoskopi, yaani kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo mpana, na ndani ya utumbo wakakuta vitu visivyohusiana kabisa na ile damu. Polipu tatu, ndilo jina la kitaalamu la vile vinyama. Mbili ndogo, za milimita 4 na 5, na moja ya milimita 15 iliyokuwa imening'inia kwenye kikonyo kama uyoga, upande wa kushoto. Hazikuwa zinauma. Hazikuwa zinatoa damu. Polipu nyingi hukaa kimya hivyo kwa miaka mingi, na anayengoja dalili anaweza kungoja mpaka kitu chenyewe kiwe kimeshageuka. Mimi bawasiri ilinisaidia, kwa maana ndiyo iliyonipeleka.

Zile ndogo zilikatwa kwa kitanzi chembamba cha waya, bila umeme. Ile yenye kikonyo walikikaza kitanzi kwenye shina lake, wakapitisha umeme kidogo ili mshipa wa damu uliomo uzibe wakati kinyama kinakatika. Sikusikia maumivu yoyote ya kukatwa. Utando wa ndani wa utumbo haujui kukatwa wala kuungua. Unachosikia ni tumbo kujaa hewa na kama mtu anakuvuta kwa ndani.

Baadaye, nikiwa bado kwenye kitanda cha mapumziko, daktari alikuja akaongea nami. Najua aliongea nami kwa sababu mume wangu, aliyekuwa nje ya mlango, aliniona kupitia kioo nikitikisa kichwa kukubali. Mimi nakumbuka neno moja tu: "tumezitoa". Dawa ya kutuliza niliyochomwa, midazolamu, hufuta kumbukumbu ya muda unaofuata hata kama mtu yuko macho na anajibu vizuri. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi, na wahudumu wote wa chumba kile wanajua. Kwa hiyo nasema bila kuuma maneno: kumweleza mgonjwa jambo zito kwa mdomo wakati ule, kisha kumwacha aende nalo, ni sawa na kutomweleza. Mume wangu hakuitwa ndani. Sikupewa karatasi yoyote. Niliambiwa vinyama vimepelekwa maabara, majibu yakitoka nitapigiwa simu.

Sikupigiwa. Wiki ya tatu nikaacha kungoja. Nikajiambia, kama kungekuwa na tatizo wangenitafuta.

Neno hilo, wangenitafuta, nimelisikia tangu hapo kwa watu wengi sana. Tunalisema kwa moyo safi, tukidhani upande wa pili kuna mtu amekaa na orodha ya majina, anapiga simu moja baada ya nyingine. Pengine yupo. Pengine alihamishwa idara, au namba ya simu iliandikwa vibaya, au faili liliwekwa kwenye rafu kabla ya mtu kulisoma. Kimya kina sababu nyingi, na "uko salama" ni mojawapo tu kati ya hizo.

Siku mbili baada ya swali la kaka nilirudi kwenye hospitali ile. Mhudumu wa kumbukumbu alikuwa na heshima zake; alinikaribisha, akaniambia, "Subiri kidogo, mama," akaingia ndani. Haikupita nusu saa akatoka na faili langu. Majibu yalikuwamo. Karatasi moja, imegongwa muhuri wiki tatu baada ya kipimo changu. Zile mbili ndogo zilikuwa adenoma za kawaida. Ile ya kikonyo ilikuwa adenoma ya tubulovilasi, displasia ya kiwango cha chini, kingo za mkato safi. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mkono: *arudie kolonoskopi baada ya miaka 3.*

Niliisoma nikiwa nimesimama pale dirishani. Nilikuwa nimechelewa kwa miaka mitatu.

Acha nieleze karatasi ile ilikuwa inasema nini, maana ilinichukua muda kuielewa na sidhani kama ni haki mtu alale na maneno yale kichwani bila kuyajua. Polipu si kitu kimoja. Neno hilo linataja umbo tu: kitu kilichoota kutoka kwenye utando wa ndani. Kilicho ndani yake hakijulikani kwa uhakika mpaka mtaalamu wa patholojia akikate vipande vyembamba na kukitazama kwenye darubini. Zipo za uvimbe wa kawaida usio na madhara. Zipo za haipaplastiki, hasa zile ndogo za mwisho wa utumbo, ambazo kwa kawaida hazisumbui. Zipo za msumeno, bapa, zenye rangi ya kufanana na utando, ambazo hujificha upande wa kulia na zinaweza kuelekea kwenye saratani kwa njia yao. Na zipo adenoma, ambazo ndizo chanzo cha saratani nyingi za utumbo mpana. Adenoma nyingi hazifiki huko. Ila zinazofika huanza hivyo hivyo, ndogo, kimya, na safari yao huwa ndefu, mara nyingi miaka 10 au zaidi.

Mambo yanayoifanya adenoma iogopwe zaidi ni machache: kama imefika milimita 10 au kuzidi, kama ina sehemu za vilasi, yaani inaota kama vidole vidole, kama displasia yake, yaani kubadilika kwa chembe zake, ni ya kiwango cha juu, na kama ziko nyingi. Ya kwangu ilikuwa na mawili kati ya hayo, ukubwa na vilasi. Ndiyo sababu ya ile miaka 3. Mtu aliyekutwa na adenoma moja au mbili ndogo, chini ya milimita 10, anaweza kuambiwa arudi baada ya miaka 7 hadi 10 kwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020; wa Ulaya wa mwaka huo huo unamrudisha tu kwenye uchunguzi wa kawaida kama watu wengine. Akiwa na zaidi ya 10, mwongozo wa Marekani unataka arudi baada ya mwaka mmoja. Nataja hesabu hizi kwa sababu nimekutana na wa pande zote mbili: aliyestahili miaka 3 hajarudi kabisa, na aliyestahili miaka 10 anadai kuingizwa kamera kila mwaka kwa hofu. Wote wawili hawakuwahi kusoma karatasi zao.

Shemeji yangu, kwa mfano, aliposikia habari zangu alikuja usiku analia. Alikuwa amepimwa tumbo kwa endoskopi ya juu na kuambiwa ana polipu kadhaa ndogo. Nilimwomba alete majibu. Zilikuwa za tezi za sehemu ya juu ya tumbo, zile zinazowapata mara nyingi watu waliotumia dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli kwa muda mrefu, naye alikuwa amezitumia miaka na miaka. Daktari wake alimthibitishia kwamba hazina hatari ya kumkosesha usingizi, akapitia naye upya kama bado anazihitaji zile dawa. Neno lile lile, "polipu", na mambo mawili tofauti kabisa.

Lakini kilichonimaliza nguvu pale dirishani hakikuwa miaka yangu mitatu. Adenoma kama ile ya kwangu, iliyozidi kiwango, inawahusu na ndugu wa damu. Miongozo kadhaa, ukiwamo wa Marekani, inasema wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa mtu mwenye adenoma ya aina hiyo waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliokutwa nao mwenzao, ipi itangulie. Siku karatasi ile inagongwa muhuri kaka yangu alikuwa na miaka 51. Hakuwa na dalili. Yeye ni mtu wa kusikia, ningemwambia, angekwenda. Miaka sita ndani ya ile safari ya miaka 10. Fanya hesabu mwenyewe. Mimi nimeifanya usiku mwingi.

Nilimwambia ukweli wote. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi mwaka huu tusimwache mtu." Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ni zito kuliko lawama.

Nilijiandikisha kwa kolonoskopi mahali pengine, na mara ya kwanza haikufaulu. Kosa lilikuwa kwenye maandalizi. Nilikunywa dawa yote ya kusafisha tumbo jioni, kama nilivyofanya miaka sita nyuma, na kipimo kilikuwa mchana wa siku iliyofuata. Kumbe saa zile zote za katikati nyongo na uchafu wa utumbo mdogo huteremka tena na kuupaka upande wa kulia utando wa njano unaonata. Daktari aliosha, akanyonya, akaosha tena, mwishoni akaacha. Aliniambia kuna alama wanazozitoa kwa usafi wa utumbo, pande tatu, kila upande 0 hadi 3. Jumla yangu ilikuwa 4 kati ya 9, na upande wa kulia nilipata 0. "Siwezi kukuambia uko salama kwa kitu ambacho sikukiona, mama," alisema. Nilimheshimu kwa sentensi ile. Angeweza kuandika "kawaida" nikaenda zangu.

Safari ya pili nilifuata maelekezo mapya neno kwa neno. Nusu ya dawa jioni. Nusu ya pili alfajiri, kuanzia kama saa tano kabla ya kipimo, na kumaliza yote saa mbili kabla. Niliacha vidonge vya madini ya chuma wiki nzima kabla, kwa kuwa huufanya uchafu uwe mweusi na wa kunata. Dawa niliipoza kwanza, nikainywa kwa mrija, kikombe baada ya kikombe, nikipumzika robo saa katikati. Ni kazi ngumu, sitaki kumdanganya mtu. Kinachotoka mwisho kinapaswa kuwa maji ya rangi ya mkojo mwepesi, bila chembe. Ukiona bado ni kahawia, piga simu uwaambie kabla hujaondoka nyumbani. Safari hii nilipata 8.

Na kwa sababu upande wa kulia ulionekana, polipu ilionekana. Ilikuwa bapa, imelala kwenye mkunjo wa sehemu ile inayopanda, kiasi cha milimita 30. Nilikuwa nimeomba dawa kidogo ya kutuliza ili niweze kutazama skrini, nikaiona. Kama nisingeonyeshwa kwa kidole ningedhani ni sehemu ya utando. Niliuliza, je, imeota baada ya kile kipimo cha kwanza, au ilikuwepo wakaipita? Daktari akasema hawezi kujua. Akanieleza kwamba tafiti ambazo watu walipimwa mara mbili mfululizo zimeonyesha takriban adenoma moja kati ya nne hupitwa, nyingi zikiwa ndogo. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya tarehe ya kurudi: inatengeneza pia yale ambayo jicho la kwanza halikuyaona.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachomshukuru hadi leo. Hakuikata. Hata kuinyofoa kwa ajili ya maabara hakuinyofoa. Alisema kunyofoa polipu bapa kubwa huacha kovu chini yake, na kovu linaishikiza kwenye ukuta, hivyo atakayekuja kuitoa anapata taabu. Aliipiga picha nyingi, akachoma alama ya wino umbali mdogo kutoka pale, pasipo kuigusa, akaniandikia barua kwa mwenzake ambaye kazi yake ya kila siku ni polipu kubwa. "Mimi hizi nazitoa chache kwa mwaka," alisema. "Wewe unahitaji mtu anayezitoa kila wiki." Wapo wanaopelekwa moja kwa moja kukatwa utumbo kwa polipu isiyo na saratani, ambayo ingeweza kutolewa kwa kamera na mtu mwenye mkono uliozoea. Ukiambiwa upasuaji kwa polipu kubwa isiyoonyesha dalili za saratani, uliza kwanza kama kuna bingwa wa endoskopi aliyeitazama.

Yule bingwa aliitoa kwa muda wa kama saa moja. Alichoma sindano chini yake, akaingiza maji yenye rangi ya buluu, polipu ikanyanyuka kama lengelenge ikaachana na misuli ya ukuta. Ile buluu ni ramani yake: akiona buluu chini ya mkato, anajua yuko kwenye tabaka linalostahili. Akaikata vipande vinne kwa kitanzi, halafu akaunguza kingo zote kuzunguka shimo kwa ncha ya kitanzi, kwa kuwa chembe zinazobaki ukingoni ndizo zinazoota upya. Nilikuwa nimelala wakati huo, haya aliyaeleza baadaye akiwa na picha mkononi, na mume wangu ameketi karibu yangu akiandika. Nilikuwa nimeomba hivyo kabla sijachomwa dawa: msiniambie mimi peke yangu.

Huwa nafikiria kwamba kabla ya mwaka 1969, William Wolff na Hiromi Shinya walipoanza kule New York kukata polipu za utumbo mpana kwa kitanzi kupitia kamera ndefu, mtu mwenye kitu kama kile cha kwangu alipasuliwa tumbo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliowafuatilia kwa miaka mingi watu waliotolewa adenoma, ulionyesha vifo vyao vya saratani ya utumbo mpana vilikuwa pungufu kwa asilimia 53 kuliko ilivyotarajiwa. Kutoa polipu kunafanya kazi. Hasira yangu haiko kwa kamera wala kitanzi. Iko kwenye kile kinachotokea mgonjwa akishavaa viatu vyake.

Siku ya tisa nilitoka damu. Niliamka usiku tumbo linanguruma, nikakimbilia chooni, na kilichotoka kilikuwa damu tupu, nyekundu iliyokolea, yenye mabonge. Kisha mara ya pili baada ya dakika 20. Nilikuwa nimeonywa kwamba damu inaweza kuja hadi wiki mbili baadaye, kigaga kinapobanduka, hasa kwa mkato mkubwa wa upande wa kulia uliotumia umeme. Kujua hakukunizuia kutetemeka, lakini kulinizuia kungoja asubuhi. Hospitali tuliyofika ilikuwa ile iliyo karibu, ambako hakuna aliyenijua. Daktari wa zamu akauliza: umetolewa nini, wapi, lini, kwa njia gani, unatumia dawa za kuyeyusha damu? Mume wangu akatoa karatasi mfukoni. Tarehe, mahali, milimita 30, vipande vinne, umeme, hakuna dawa za kuyeyusha damu. Hakuna aliyepoteza muda kubahatisha. Waliniwekea maji, wakapima damu, asubuhi wakaingia na kamera, wakaona mshipa mmoja wazi, wakaubana kwa klipu mbili ndogo za chuma. Jioni ya kesho yake nilikuwa nyumbani.

Usiku ule ndipo nilipoiona thamani ya karatasi kwa macho. Ile ya kwanza ilikaa kwenye faili miaka sita bila kumfaa mtu. Hii ilifanya kazi saa nane za usiku, mikononi mwa mtu asiyenijua kabisa.

(Kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu kwa ajili ya moyo au donge la mguu: usiziache kwa uamuzi wako kwa kuogopa kutoka damu. Zipo ambazo kuziacha ghafla ni hatari kuliko polipu yenyewe. Daktari wa moyo na wa endoskopi wazungumze, wakupe siku ya kuacha na siku ya kuanza tena, kwa maandishi.)

Majibu ya maabara safari hii niliyafuata mwenyewe. Siku ya 14 nilipiga simu, siku ya 16 nikaenda. Displasia ya kiwango cha juu, hakuna uvamizi. Maneno yale ya kwanza yalinikata miguu. Daktari akaniketisha, akanieleza taratibu kwamba chembe zilikuwa zimebadilika sana lakini hazikuwa zimevuka utando kwenda chini, na kwa sababu hazikuvuka, kuitoa ndiyo tiba yenyewe. Ila kwa kuwa ilitoka vipande vipande, mtaalamu wa patholojia asingeweza kuapa kwamba kingo zote ziko safi. Hivyo: miezi 6 nirudi watazame kovu. Likiwa safi, mwaka mmoja baada ya hapo. Kisha miaka 3.

Niliomba tarehe hizo ziandikwe kwenye karatasi ya kwenda nayo nyumbani, na nakala tatu. Moja iko kwenye mlango wa kabati, kwa ndani, pale ninapofungua kila asubuhi. Moja anayo mume wangu. Ya tatu nilimpelekea kaka, naye akaibandika juu ya ratiba yake ya dawa za saratani. Ananipigia simu kunikumbusha tarehe zangu, yeye aliye na za kwake nzito kuliko zangu.

Miezi 6 ilipofika, kovu lilikuwa jeupe, limejikunja kama nyota. Walinyofoa vipande vidogo kuhakikisha. Hakukuwa na kitu.

Ndugu zetu tuko watano. Nilichukua zile karatasi zote, yangu ya kwanza, yangu ya pili, na ya upasuaji wa kaka, nikazitoa nakala, nikampelekea kila mmoja na watoto waliokaribia 40. Mmoja alikataa kuzifungua. Alisema hataki kutafuta ugonjwa. Sikumlazimisha, ila kila mwezi namwuliza tena, na nitaendelea kumwuliza. Mwingine alikutwa na adenoma mbili za milimita 6, zimetolewa. Karatasi yake tumeisoma pamoja kwenye simu, mstari kwa mstari.

Mdogo wetu wa mwisho, binti, ana miaka 41. Kipimo chake ni leo. Nililala kwake jana ili nimsaidie na ile nusu ya pili. Saa kumi alfajiri nilikuwa nje ya mlango wa choo na kikombe mkononi, naye ndani amechoka kabisa.

"Dada," akaita, "ulisema rangi gani tena?"

"Mkojo wa mtu aliyekunywa maji mengi. Bila chembe."

Kimya kidogo. Maji yakavutwa.

"Bado kuna chembe."

Nikapitisha kikombe mlangoni.